Picha za Mishipa ya Damu ya Ubongo: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Anayemsindikiza

Karatasi ya maombi ya kipimo inapofika mezani kwangu, mara nyingi imeandikwa maneno matatu tu: "maumivu ya kichwa". Mwenye karatasi amesimama mbele yangu na bahasha mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na pembeni yake kuna ndugu aliyeacha shughuli zake kumsindikiza. Wote wawili wanaamini mashine itamulika kichwa na kuona kila kilichomo. Haiko hivyo. Mishipa ya damu ya ubongo hupigwa picha kwa njia kadhaa, na kila njia huona kitu na kukosa kingine. CT ya kawaida ya kichwa, yaani eksirei inayozunguka kichwa na kukionyesha vipande vipande, ile isiyo na sindano, huonyesha damu iliyomwagika, mfupa na uvimbe mkubwa. Mishipa yenyewe huiona kwa shida sana. Mtu anaweza kuwa na ateri iliyotuna kama puto, na CT hiyo ikarudi na majibu kwamba hakuna tatizo.

Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata njia anayopita mgonjwa, kuanzia chumba cha daktari hadi siku ya kusoma majibu. Nitakaa zaidi mwanzoni, kwa kuwa makosa mengi ninayoyaona yalishafanyika kabla mgonjwa hajafika kwenye mashine.

Kama ni dharura, acha kusoma

Mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea, maneno hayatoki au hayaeleweki: hicho ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Taarifa moja msiiache nyumbani ni saa ya mwisho alipoonekana akiwa mzima. Wengi hutaja saa waliyomkuta ameanguka, na hiyo siyo inayotakiwa. Kama alilala saa nne usiku akiwa mzima na akaamka saa kumi na mbili asubuhi mkono haunyanyuki, saa inayohesabiwa ni saa nne usiku. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Kulivuta bonge kwa kateta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, hufanyika ndani ya saa 6, na tangu 2018 miongozo ya tiba imeruhusu kwa baadhi ya wagonjwa hadi saa 24, ikiwa picha zinaonyesha bado kuna sehemu ya ubongo inayoweza kuokolewa. Katika hali hiyo picha ya mishipa hupigwa hapohapo, bila kusubiri majibu ya figo.

Dharura ya pili ni kichwa kilichouma ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, maumivu ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani. Hapo huanza CT isiyo na dawa ya rangi (ile inayochomwa ili mishipa ionekane), kutafuta damu iliyovuja kuzunguka ubongo. Ikipigwa ndani ya saa 6 za mwanzo ni nadra sana kuikosa. Kadiri saa zinavyopita damu hiyo huchanganyika na maji ya ubongo na kufifia, ndiyo maana aliyechelewa anaweza kuambiwa atolewe maji ya uti wa mgongo kabla ya kuendelea na picha za mishipa.

Yanayofuata ni kwa mwenye muda wa kupanga.

Hatua ya kwanza: jua swali linaloulizwa

Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili, lakini huchukua kati ya asilimia 15 na 20 ya damu inayosukumwa na moyo mtu akiwa ametulia. Damu hiyo hupanda kwa njia nne: ateri mbili za karotidi mbele ya shingo, unazoweza kuzigusa zikidunda, na ateri mbili za vetebra zinazopita ndani ya matundu ya mifupa ya shingo. Chini ya ubongo zote huungana kwenye pete inayoitwa duara la Willis, kwa jina la Thomas Willis, tabibu wa Uingereza aliyeieleza katika kitabu chake cha 1664. Damu ikishatumika hushuka kwa vena, ambazo hukusanyika kwenye mifereji mikubwa iliyo kati ya ubongo na fuvu.

Kumbuka hapo kuna pande mbili, ya kupandia na ya kushukia. Mashine hupiga picha ya upande ulioombwa.

Niliwahi kumpokea mama aliyejifungua wiki tatu nyuma. Kichwa kilimuuma kwa siku nane, kila siku zaidi ya jana, na akilala chali maumivu yanapanda. Karatasi iliomba picha ya ateri. Zilipigwa ateri, nzuri kama za kwenye kitabu. Ilikuwa bahati tu kwamba daktari wa radiolojia alisoma umri wake, akauliza amejifungua lini, akaomba arudishwe mezani zipigwe vena. Bonge la damu lilikuwa limeziba mfereji wa juu wa vena tangu mwanzo. Wiki za baada ya kujifungua, ujauzito wenyewe na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni ni mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa bonge la namna hiyo. Hakuna aliyekosea kubonyeza mashine siku ile. Swali ndilo lililokuwa si lenyewe.

Kwa hiyo kabla hujatoka kwa daktari, muulize kwa lugha ya kawaida: "Daktari, unatafuta nini hasa?" Jibu litakuwa mojawapo ya haya: mshipa ulioziba, mshipa uliobana, ateri iliyotuna, yaani anyurizimu, fundo la ateri na vena zilizoungana moja kwa moja bila mishipa midogo katikati, bonge kwenye vena, au kuta za mishipa zilizovimba. Akikujibu, mwombe aliandike kwenye karatasi, pamoja na dalili zako, zilianza lini, upande gani, na kama umewahi kufanyiwa upasuaji wowote wa kichwa au moyo. Mistari miwili inatosha. Daktari wa radiolojia atakayesoma picha yako huenda asikuone kabisa. Anachokijua kuhusu wewe ni ile karatasi.

Hatua ya pili: kipimo kinachofaa swali

CT ya mishipa ndiyo farasi wa kazi. Ni CT pamoja na dawa ya rangi yenye iodini inayosukumwa kwenye mshipa wa mkono. Mashine husubiri dawa ifike kwenye ateri kubwa ya kifua, kisha hukimbia kutoka hapo hadi utosini kwa sekunde chache. Ni ya haraka, huonyesha bonge lilipo, mahali mshipa ulipobana na anyurizimu nyingi, hata ndogo za milimita chache. Gharama yake kwa mwili ni mionzi na ile dawa. Kwa kipimo cha mionzi, CT ya kawaida ya kichwa ni kama milisiveti 2, karibu sawa na mionzi ya asili anayoipata mtu kwa mwaka mmoja, ambayo wastani wake duniani ni milisiveti 2.4. Picha ya mishipa huongeza juu ya hapo. Kwa mtu mzima mwenye sababu ya kweli, hofu ya mionzi isimzuie. Kwa mtu anayetaka kurudia kila mwaka "kujiangalia tu", hapo sikubaliani naye.

MRI ya mishipa, inayotumia sumaku, haina mionzi kabisa, na njia yake inayotumika zaidi haihitaji hata sindano. Inavyofanya kazi ni jambo la kupendeza. Mashine hupiga mawimbi ya redio kwenye kipande kimoja cha kichwa mfululizo, mpaka nyama iliyotulia hapo inachoka kujibu na kuwa nyeusi. Damu mpya inayoingia kutoka nje ya kipande hicho haijachoshwa, kwa hiyo hung'aa. Unachokiona kwenye picha, basi, ni mwendo wa damu. Na hapo ndipo kasoro yake ilipo: damu ikienda polepole sana au ikizunguka kama maji kwenye kona ya mto, mng'ao hupotea, na mshipa uliobana kidogo huonekana kana kwamba umebana sana au umekatika. Ripoti ya MRI ikisema mshipa umeziba na wewe unatembea mzima, usishangae daktari akiomba CT ya mishipa kuhakikisha.

MRI hiyo hiyo, ikipangwa upya, hupiga vena, au kuta za mishipa, au kuonyesha ndani ya dakika chache sehemu ya ubongo iliyokosa damu. Ni mashine yenye subira na vipaji vingi. Tatizo ni kwamba mgonjwa naye lazima awe na subira.

Ultrasaundi ya dopla, inayopima mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, ni ya bei ya chini kuliko hizo zote, haina mionzi, na inaweza kuletwa kitandani. Shingoni hupima karotidi kwa ufasaha: damu ikipita mahali pembamba huongeza kasi, na kasi ndiyo humwambia mpimaji mshipa umebana kwa kiasi gani. Kichwani hupitishwa kwenye panja, pale mbele ya sikio ambapo fuvu ni jembamba. Baadhi ya watu wazima, hasa wenye umri mkubwa, mfupa wao hapo ni mnene mno na mawimbi hayapiti. Hakuna la kufanya ila kutumia njia nyingine.

Kisha iko anjiografia ya kateta, mama wa vipimo vyote hivi. Egas Moniz aliianza Lisbon mwaka 1927 kwa kuingiza dawa yenye iodini kwenye karotidi na kupiga eksirei. Ni mtu yuleyule aliyepewa Nobel mwaka 1949, si kwa kazi hiyo iliyookoa wengi, bali kwa upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo kwa wagonjwa wa akili, ambao leo unatajwa kwa aibu. Mpaka sasa anjiografia ya kateta ndiyo inayoona mishipa midogo kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi damu ikiingia, ikisambaa na kutoka, hatua kwa hatua. Huombwa pale ambapo picha nyingine zimeacha shaka, au matibabu yamepangwa kufanyika kwa njia hiyohiyo.

Aliyekwishatibiwa ajue hili: koili, yaani nyuzi za metali zilizojazwa ndani ya anyurizimu, hutoa miale inayoharibu CT, kwa hiyo ufuatiliaji wake huwa bora kwa MRI. Klipu za chuma zinazobana anyurizimu kwa nje hufanya kinyume, na stenti, kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa uwe wazi, inaweza kuifanya MRI ionyeshe mshipa umebana ilhali hauna kitu. Kadi uliyopewa baada ya upasuaji, yenye aina ya kifaa na tarehe, iwe kwenye pochi yako siku zote.

Hatua ya tatu: siku chache kabla

Figo kwanza. Dawa ya rangi ya CT hutolewa na figo, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu apime kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, mapema, asisubiri siku ya kipimo. Kutokana na kreatinini, maabara hukokotoa kiwango cha uchujaji wa figo. Kikiwa chini ya 30, daktari atapima upya faida na hatari. Wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, waseme. Mwenye figo nzuri kwa kawaida huendelea nayo, lakini figo zikiwa dhaifu husimamishwa kwa saa 48 baada ya dawa ya rangi, mpaka kreatinini irudiwe.

Mzio nao una hekaya zake. Watu huambiwa kwamba asiyeweza kula kaa na kamba hawezi kupewa dawa yenye iodini. Si kweli. Mzio wa viumbe hao unatokana na protini zao, hauhusiani na iodini. Kinachohusika hasa ni kama uliwahi kupata athari kutoka kwa dawa ya rangi yenyewe: mwili kuwasha, vipele, kifua kubana, uso kuvimba. Kama ndiyo, sema siku kadhaa kabla, kwa sababu vidonge vya kuzuia hali hiyo huanza kumezwa kama saa 12 au 13 kabla ya kipimo. Ukisema ukiwa tayari umelala kwenye meza, tutakushusha.

Mjamzito aseme hata kama ana wasiwasi tu wa kuwa na mimba. MRI bila dawa ndiyo hupendelewa kwake, na gadolinia, ambayo ni dawa ya rangi ya MRI, huepukwa isipokuwa pasipo njia nyingine. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha baada ya dawa yoyote kati ya hizo mbili. Kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno.

Kwa MRI, jambo kuu ni chuma. Sumaku ya mashine hiyo ina nguvu ya tesla 1.5 au 3, na haizimwi usiku wala mchana, hata chumba kikiwa kimya. Utapewa fomu ya maswali. Wengi huijaza kwa kuweka alama ya "hapana" toka juu hadi chini bila kusoma. Isome. Betri ya moyo, klipu za zamani za kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, vipande vya risasi, na hasa cheche za chuma zilizowahi kuingia jichoni kwa mtu aliyefanya kazi ya kuchomelea: kila kimoja kinaweza kubadilisha mpango mzima. Mwenye betri ya moyo asikate tamaa, kwani za kisasa nyingi huruhusiwa kwa masharti, lakini lazima aina yake ijulikane. Plasta za dawa zinazobandikwa kwenye ngozi, nyingine zina karatasi ya metali ndani na huunguza. Nywele za kubandika zilizoshikizwa kwa vibanio hufungua doa jeusi katikati ya picha, pale pale tunapotaka kuona. Fumueni au vueni nyumbani. Kumfumua mtu mlangoni huchukua muda kuliko kipimo chenyewe.

Hatua ya nne: mezani

Kwenye CT, kitu cha kwanza ni kanula, kile kimrija cha plastiki kinachoachwa ndani ya mshipa. Nitaomba mshipa mkubwa wa kwenye kiwiko, na kanula ya rangi ya kijani au ya waridi. Sipendi kukuchoma kwa sindano nene. Ila dawa husukumwa kwa mashine, mililita 4 hadi 5 kila sekunde, na kanula ndogo ya bluu iliyowekwa nyuma ya kiganja wodini haihimili kasi hiyo. Inaweza kupasua mshipa na dawa ikamwagika chini ya ngozi. Tukisukuma polepole ili kuitunza, dawa hufika kichwani ikiwa imetawanyika, picha inakuwa hafifu, na unarudia mionzi bure. Ukihisi maumivu makali au uvimbe pale sindano ilipoingia, piga kelele papo hapo. Usivumilie kwa heshima.

Dawa ikiingia utahisi joto likishuka kutoka kooni hadi kinenani, ladha kama ya chuma mdomoni, na hisia kamili kwamba umejikojolea. Hujajikojolea. Huwa ninawaambia wagonjwa mapema, na bado wanaulizana na nafsi zao. Bibi mmoja alitolewa kwenye mashine akanishika mkono, akaninong'oneza: "Mwanangu, nisitiri, nimechafua kitanda chenu." Nikamwambia, "Bibi, kitanda kikavu, ni ile dawa niliyokuambia." Hakuniamini mpaka alipopapasa shuka mwenyewe.

Joto hilo hupita ndani ya dakika moja. Katika sekunde zile za picha usimeze mate, usikohoe, usifumbe na kufumbua macho kwa nguvu; kumeza mara moja huvunja picha ya karotidi vipande viwili. Baada ya hapo tutakuweka nje dakika 15 hadi 30 na kanula ikiwa bado mkononi, kwa sababu athari kali za mzio, ambazo ni nadra, huanza mapema.

MRI ni ndefu zaidi, dakika 20 hadi 45 kulingana na kilichoombwa. Mashine hugonga, hukoroma na kupiga milio kama ya mafundi paa wanaogombana. Vizibo vya masikio si hiari. Anayeogopa sehemu finyu ana mbinu inayofanya kazi kuliko nyingine: afumbe macho kabla meza haijaingia ndani, na asiyafumbue kabisa mpaka itoke. Ukishayafumbua ukaona dari sentimita chache kutoka puani, si rahisi kuyafumba tena kwa utulivu. Utapewa mpira wa kubonyeza mkononi. Ubonyeze ukizidiwa, si kujaribu kama unafanya kazi. Kama unajijua huwezi, mwambie daktari wiki moja kabla akuandikie dawa ya kutuliza, na uje na mtu wa kukurudisha.

Anjiografia ya kateta

Hii ina siku yake na kitanda chake. Utaambiwa usile chakula kwa saa 6. Maji safi kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Dawa za kuzuia damu kuganda usizisimamishe kwa akili yako, kwa sababu wengine huagizwa wasimamishe na wengine, hasa wenye stenti, huagizwa waendelee.

Sehemu ya kinena au kifundo cha mkono hufanywa ganzi, kisha kateta nyembamba huingizwa kwenye ateri kwa kupita juu ya waya, mbinu ambayo Sven-Ivar Seldinger wa Sweden aliieleza mwaka 1953 na haijapata mpinzani mpaka leo. Uko macho. Kateta haiumi ikipita ndani, kwani mshipa kwa ndani hauhisi. Kabla ya dawa kuingia hupigwa eksirei moja, na baada ya dawa nyingine nyingi. Kompyuta huondoa ile ya kwanza kutoka kwenye hizi zinazofuata, fuvu linatoweka, inabaki mishipa mitupu. Ndiyo sababu utaambiwa usisogeze kichwa hata kidogo: ukisogea, mifupa inarudi kwenye picha kama kivuli. Kila karotidi ikipewa dawa, nusu ya uso huwaka joto. Ikipewa vetebra, watu wengine huona vimulimuli, kwa sababu mshipa huo unalisha sehemu ya ubongo inayohusika na kuona.

Hatari ipo na hupaswi kufichwa. Kateta inaweza kubandua kibonge na kusababisha kiharusi. Kwenye mikono iliyozoea, kiharusi kinachoacha ulemavu wa kudumu hutokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Ruhusa ya maandishi unayosaini inahusu hilo. Muulize daktari bila aibu: matokeo ya kipimo hiki yatabadilisha matibabu yangu vipi? Kama hayabadilishi kitu, una haki ya kusita.

Baadaye utalala chali kwa saa kadhaa, mguu ukiwa umenyooshwa, kama kateta ilipitia kinenani. Waliopitia mkononi huketi mapema. Ukienda nyumbani, angalia tundu. Damu ikitoka, lala chini, mtu akandamize kwa nguvu pale pale, mwingine aite msaada. Mguu ukipoa au kufa ganzi, au maneno yakianza kukwama, hiyo ni dharura, rudi usiku huohuo.

Watoto wenye selimundu

Hapa natoka kidogo njiani, kwa sababu ni kipimo rahisi kinachozuia janga. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, anaweza kupata kiharusi akiwa bado hajaanza shule, na mishipa huonyesha dalili kabla. Dopla ya kichwani inapendekezwa kwake mara moja kila mwaka, tangu umri wa miaka 2 hadi 16. Kasi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ni kubwa. Utafiti uliochapishwa 1998 ulionyesha kuwa kuongezewa damu mara kwa mara hupunguza viharusi vya kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Kasi ikiwa kati ya 170 na 199, kipimo hurudiwa mapema. Mlete akiwa macho na mtulivu. Akiwa na homa, amesinzia, analia au ameongezewa damu karibuni, kasi hubadilika na namba haiaminiki.

Hatua ya mwisho: majibu

Omba vitu viwili, ripoti na picha zenyewe kwenye diski au kwa njia ya mtandao. Filamu iliyochapishwa ina vipande vichache vilivyochaguliwa. Picha kamili zina mamia, na daktari wa upasuaji atazitaka zote. Kama una picha za zamani, zitoe kabla ripoti haijaandikwa. Anyurizimu ya milimita 4 iliyokuwa milimita 4 miaka mitatu iliyopita ni habari tofauti kabisa na ile ya milimita 4 iliyokuwa 2.

Anza kusoma mwisho wa ripoti, kwenye hitimisho, na ulilinganishe na swali la hatua ya kwanza. Limejibiwa? Ripoti inaweza kuwa ndefu na nzuri na isijibu.

Kisha utakuta maneno ya kutisha yasiyo na madhara. Ateri moja ya vetebra kuwa ndogo kuliko mwenzake ni jambo la kuzaliwa nalo, na ni la kawaida. Duara la Willis kutokamilika vilevile. Walio na pete kamili kama inavyochorwa vitabuni ni chini ya nusu ya watu. Mfereji wa vena wa upande mmoja kuwa mwembamba, mara nyingi wa kushoto, umewapa watu wengi usiku wa mashaka bila sababu.

Mengine hayaachwi. Karotidi iliyobana kwa asilimia 70 hadi 99 upande ule uliosababisha dalili ni sababu ya kumwona daktari wa upasuaji ndani ya siku, si miezi, kwa sababu faida ya kuisafisha ni kubwa zaidi ikifanyika ndani ya wiki mbili za dalili.

Anyurizimu ndiyo inayosumbua akili zaidi. Takriban watu 3 kati ya 100 wazima wanayo, na nyingi hazipasuki maisha yote. Tazama mambo matatu kwenye ripoti: ukubwa kwa milimita, mahali ilipo na umbo lake. Iliyo chini ya milimita 7 kwenye ateri za mbele, laini, isiyo na kichuguu pembeni, kwa mtu asiyewahi kuvuja damu, mara nyingi hufuatiliwa kwa picha badala ya upasuaji. Iliyo nyuma ya duara, au yenye kijitawi kilichotokeza, au ya mtu ambaye wazazi au ndugu zake wawili walipasukiwa, hujadiliwa kwa namna nyingine. Shinikizo la damu na sigara huongeza hatari ya kupasuka, na hayo mawili yako mikononi mwako kuanzia leo jioni, kabla hata ya kumwona bingwa.

Ukiambiwa urudi kwa ufuatiliaji, uliza tarehe, na uliza utarudi kwa kipimo gani. Kiwe kilekile cha mwanzo, ikiwezekana kwenye mashine ileile, maana anyurizimu iliyopimwa mara moja kwa CT na mara nyingine kwa MRI inaweza kuonekana imekua kwa milimita moja ilhali haijasogea.